Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inaganda Mara Tu Baada ya Kuingia

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, yenye Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Kwa muda sasa, kila ikiwashwa inafika vizuri mahali pa kuandika neno la siri. Nikishaliandika, picha ya nyuma inatokea pamoja na aikoni zake, halafu kila kitu kinaganda. Mara nyingine mshale unasogea lakini nikibofya hakuna kinachoitika, mara nyingine hata mshale wenyewe hausogei, nami hulazimika kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike. Fundi wa mtaani kwetu amesema dawa ni kupiga Windows upya, lakini ndani mna mitihani ya miaka kadhaa na picha za familia ambazo hazipo mahali pengine popote. Je, hakuna njia nyingine?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, njia zipo, na ninakuomba usikubali mashine hiyo ipigwe Windows kabla mitihani na picha hazijawekwa mahali pengine. Kupiga Windows upya kunaweza kufuta kila kilichomo kwenye diski, na ikiwa mgonjwa ni diski yenyewe, kazi hiyo itaichosha zaidi, nawe utarudi palepale ukiwa huna Windows inayofanya kazi wala mitihani. Sisemi kwamba fundi wako amekosea, kwa kuwa dawa hiyo mara nyingine huponya kweli. Ninachosema ni kwamba ni dawa ya mwisho, na ugonjwa wenyewe bado haujajulikana.

Barua yako ina jambo moja la thamani kubwa, nalo ni kwamba mashine hufika kwenye ukurasa wa neno la siri bila shida. Mpaka hapo Windows imekwisha kupakia kiini chake, draiva nyingi (yaani programu ndogo zinazoiwezesha kuendesha vifaa) na huduma za lazima. Kinachofuata baada ya neno la siri ni kazi ya namna nyingine: Windows hufungua mipangilio ya mtumiaji aliyeingia, huchora eneo-kazi (desktop) lake, kisha huziita programu zote zilizojiandikisha kuanza zenyewe, yaani antivairasi, programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, za printa, za simu za video, pamoja na visasishi vya programu ambazo pengine umekwisha kuzisahau. Zote huomba diski na RAM kwa wakati mmoja, kama wanafunzi wa shule nzima wanaotaka kupita mlango mmoja kengele inapolia. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, msongamano huo peke yake unatosha kuifanya ionekane imekufa ilhali iko hai.

Kwa hiyo, kwanza hakikisha kwamba tatizo kweli linafungamana na kuingia. Washa mashine, usiandike neno la siri, na uiache kwenye ukurasa huo kwa muda wa nusu saa huku ukisogeza kipanya mara kwa mara. Skrini ikizima yenyewe isikutie hofu, kwani itawaka ukikigusa kipanya. Ikiwa mashine itaganda hapohapo bila wewe kuingia, basi achana na habari za programu, kwa sababu yaelekea chanzo kitakuwa joto, RAM, umeme unaotolewa na pawa saplai au ubao mama. Fungua ubavu wa kasha, pangusa vumbi lililojaa kwenye feni ya prosesa, na uzichomoe na kuzichomeka upya kadi za RAM, mashine ikiwa imezimwa na waya wa umeme umeng'olewa ukutani. Ikivuka nusu saa salama, tuendelee.

Sasa ingia kama kawaida, subiri igande, kisha bonyeza Caps Lock na uitazame taa yake kwenye kibodi. Taa hiyo haiwashwi na kibodi yenyewe, bali huwashwa na Windows baada ya kupokea taarifa kwamba kitufe kimebonyezwa. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kiini cha Windows kiko hai, na kilichokwama ni kile kinachochora eneo-kazi au kile kinachoisubiri diski. Isipoitika hata kidogo, mashine nzima imesimama, na hapo washukiwa wa kwanza ni draiva, hasa ya kadi ya picha, au kifaa chenyewe. Kwa kuwa umeandika kwamba siku nyingine mshale husogea na siku nyingine hausogei, lifanye jaribio hili kila inapoganda na uandike matokeo pembeni, kwa maana huenda una matatizo mawili yaliyovaa nguo moja.

Taa ikiitika, iache mashine bila kugusa kitu chochote kwa robo saa au nusu saa. Jambo hili watu wengi hawalifanyi, kwa sababu ni vigumu kukaa mbele ya skrini isiyojibu bila kubofya, na kila unapobofya unaongeza ombi jingine kwenye foleni ileile. Tazama taa ndogo ya diski iliyo mbele ya kasha, kwa kawaida karibu na kitufe cha kuwashia. Ikiwa inawaka mfululizo bila kupepesa, diski inafanya kazi kwa uwezo wake wote. Tega sikio pia: mlio mwepesi wa kukwaruza ni kazi ya kawaida, lakini ukisikia tiki, tiki, tiki ya mpigo mmoja, kisha kimya, kisha tiki tena, zima mashine mara moja na usiiwashe tena mpaka uwe na diski nyingine ya kuhamishia mafaili, kwa sababu huo ni mlio wa kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata mahali pake.

Mashine ikizinduka, au hata kabla haijazinduka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua dirisha la Task Manager, na kama linatokea dogo, bofya More details. Safu ya Disk ikionyesha asilimia 100, usikimbilie kusema kwamba diski imekufa. Nenda sehemu ya Performance, chagua diski yako, na usome mambo mawili: kasi ya kusoma na kuandika, na muda wa wastani wa kujibu. Diski ya kuzunguka yenye afya lakini iliyoelemewa na kazi itaonyesha asilimia 100 huku ikisoma megabaiti kadhaa au makumi kwa sekunde, na majibu yake yatakuwa ya makumi au mamia ya milisekunde. Ukiona asilimia 100 pamoja na kasi inayokaribia sifuri, na muda wa kujibu unaofika maelfu ya milisekunde, basi diski inahangaika kusoma sehemu iliyoharibika, inajaribu tena na tena, na Windows nzima inaisubiri. Kati ya hali hizi mbili kuna tofauti kubwa sana ya tiba, na asilimia peke yake haiwezi kukueleza uko katika ipi.

Kama Task Manager inakataa kufunguka, tumia Safe Mode, ambayo ni namna ya kuiwasha Windows ikiwa na draiva chache za lazima tu, bila programu zile zinazoanza zenyewe. Bahati nzuri ukurasa wako wa neno la siri ni mzima, hivyo njia ni nyepesi: bofya alama ya kuzimia (Power) iliyo pembeni chini, shikilia kitufe cha Shift, na ukiwa bado umekishikilia bofya Restart. Itatokea skrini ya buluu yenye machaguo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart, na orodha ikitokea bonyeza 4. Uwe na neno la siri lenyewe, kwa sababu PIN huweza kukataliwa huko.

Ikiwa katika Safe Mode mashine inatulia, usifurahi ukaanza kuchezea mipangilio. Chomeka diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha na uhamishe mitihani na picha kwanza. Nenda kwenye C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako, na unakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Anza na vile visivyoweza kupatikana tena. Filamu na nyimbo zitasubiri. Ikiwa hata katika Safe Mode inaganda, hamisha mafaili kwa kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa mfano Ubuntu, ambayo huweza kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa na bila kuigusa Windows. Fundi yeyote makini anaweza kukutengenezea flashi hiyo, na ningependa wewe ukae pembeni yake anapoitumia, uone kwa macho yako kwamba mafaili yamenakiliwa na yanafunguka.

Mafaili yakishakuwa salama, ipime afya ya diski. Njia isiyohitaji bando ni kufungua dirisha la amri, yaani cmd, na kuandika wmic diskdrive get status. Jibu la Pred Fail lina maana kwamba diski yenyewe inatabiri kufa kwake, na hapo hakuna mjadala, inunuliwe nyingine. Jibu la OK halitoshi kuwa cheti cha afya, kwa sababu diski nyingi huendelea kusema OK huku zikiwa zimeanza kuoza. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo hueleza zaidi: humo tafuta mstari wa Current Pending Sector, unaohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya. Diski yenye afya huwa na sifuri hapo. Vilevile fungua Event Viewer, yaani daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, na utafute taarifa zenye chanzo cha disk: namba 7 husema kuna eneo bovu, na namba 153 husema ombi la kusoma au kuandika limelazimika kurudiwa. Taarifa hizo zikiwa nyingi katika dakika zilezile mashine ilipoganda, umempata mhalifu.

Hapa nitoe tahadhari moja ambayo ninaitilia mkazo. Wengi hushauriana kuandika chkdsk C: /r kila kompyuta inaposumbua. Amri hiyo husoma diski nzima, na kwa diski ya GB 500 inaweza kuchukua saa nyingi. Kwa diski iliyochoka, saa hizo huweza kuwa za mwisho. Itumie baada ya kunakili mafaili, kamwe si kabla.

Diski ikionekana nzima, rudi kwenye msongamano wa programu. Ukiwa katika Safe Mode, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, nenda sehemu ya Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services, kisha bofya Disable all. Alama ile ya kuficha huduma za Microsoft ni ya lazima, kwa sababu ukiisahau utazima na zile ambazo Windows yenyewe inazihitaji. Washa upya kawaida, fungua Task Manager, na katika sehemu ya Startup uzime vyote usivyovihitaji. Mashine ikitulia, rudisha nusu ya huduma ulizozima, uwashe upya na kutazama. Ikiganda, mwenye kosa yumo katika nusu hiyo. Isipoganda, yumo katika nusu iliyobaki. Endelea kugawa nusu kwa nusu mpaka abaki mmoja. Mara nyingi huwa ni antivairasi ya pili. Windows 10 inayo antivairasi yake ndani, na hujiweka kando ikipata nyingine iliyosakinishwa sawasawa, lakini mashine za mtumba mara nyingi zina mabaki ya antivairasi mbili au tatu, nyingine zikiwa nakala zisizo halali, na kila moja hutaka kulikagua kila faili linalofunguliwa.

Kabla ya hayo yote, chomoa printa, modemu, flashi na diski za nje, ubaki na kibodi na kipanya tu. Na ikiwa uliwahi kuiunganisha kompyuta hii na folda ya pamoja ya shuleni, liondoe unganisho hilo, kwa sababu eneo-kazi huweza kusimama likisubiri folda iliyo kwenye mtandao ambao haupo.

Kwa zile siku ambazo hata mshale hausogei na Caps Lock haiitiki, lakini Safe Mode hufanya kazi vizuri, elekeza macho kwenye draiva ya kadi ya picha. Katika Device Manager fungua Display adapters, bofya mara mbili jina la kadi yako, na katika sehemu ya Driver jaribu Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, iondoe draiva kwa Uninstall device, ukiweka alama kwenye Delete the driver software for this device, na uwashe upya. Kwa kawaida Windows itatumia ya kwake ya msingi, maandishi yataonekana makubwa na yasiyo nadhifu, lakini utajua kama kuganda kumekoma.

Jambo jingine ni namna unavyozima. Tangu Windows 8, ukichagua Shut down, Windows haifungi kila kitu, bali huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski ili iwake haraka siku ya pili. Kwa hiyo kasoro iliyokuwapo jana huweza kuamka nayo leo. Ukichagua Restart, hujipakia upya kabisa. Katika majaribio yote niliyoyaeleza tumia Restart.

Mwisho, hata ukimpata mkorofi, mashine hiyo itaendelea kuwa nzito. Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua SSD ya SATA, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, hata ya GB 240, kabla ya kuongeza RAM. Plagi zake ni zilezile za diski yako ya SATA, na tofauti utaiona siku ya kwanza. RAM ikija baadaye, soma kwanza kama mashine yako ni ya DDR3 au DDR4, kwa kuwa moja haiingii katika nafasi ya nyingine. SSD mpya ikishafungwa, hapo ndipo fundi wako apige Windows upya juu yake, na diski ya zamani iwekwe kando bila kufutwa mpaka uwe umefungua mitihani yako kwenye SSD mpya.

SWALI: Ndugu Mtaalamu, kompyuta yetu ya nyumbani hapa Mombasa inatumiwa na watu watatu, kila mmoja kwa akaunti yake. Mke wangu na binti yangu wakiingia hakuna tatizo. Mimi nikiingia, skrini inaganda kabla ya aikoni zote kutokea. Ni kompyuta moja, Windows moja. Yawezekanaje?
Mzee wa Kisauni

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Yawezekana sana, na familia yako imekwisha kukufanyia jaribio ambalo wengine tunawaomba walifanye. Kwa kuwa akaunti mbili zinafanya kazi, diski kwa ujumla wake, RAM na kadi ya picha haziwezi kuwa washukiwa wakuu. Kasoro imo ndani ya akaunti yako, ama katika programu zinazoanza kwa ajili yako peke yako, ama katika mafaili yaliyo kwenye eneo-kazi lako, ama katika faili la mipangilio liitwalo NTUSER.DAT, ambalo kila mtumiaji ana lake.

Anza na eneo-kazi, kwa sababu ndilo rahisi. Muombe mmoja wao mwenye akaunti ya msimamizi aingie, afungue C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako, na avihamishe vyote vilivyomo kwenye Desktop avipeleke katika folda nyingine. Windows huchora vijipicha vya video na picha zilizoko kwenye eneo-kazi, na video moja iliyoharibika, labda iliyokatika wakati wa kupakuliwa, huweza kukikwamisha chombo kizima kinachochora eneo-kazi. Wenye mamia ya mafaili kwenye eneo-kazi lao hupatwa na jambo hili kuliko wengine. Ukiingia sasa na mambo yakaenda, rudisha mafaili kwa mafungu na utamjua aliyekuwa akikusumbua.

Isiposaidia, ingia na skrini ikiganda bonyeza Ctrl, Alt na Delete. Ukiletewa orodha, chagua Task Manager, tafuta Windows Explorer, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague Restart. Aikoni zikirudi na kufanya kazi, zima programu zilizo katika sehemu ya Startup moja baada ya nyingine.

Kama hapo napo hapakutoka kitu, tengeneza akaunti mpya na uhamie huko. Akaunti ya zamani usiifute. Hamisha Documents, Pictures, Desktop na kadhalika, lakini usinakili folda nzima ya jina lako kwa mkupuo, kwa sababu pamoja nayo utahamisha NTUSER.DAT na ugonjwa wenyewe. Kumbuka pia kwamba alama za kurasa za kivinjari hazikai humo. Ziko kwenye folda iliyofichwa ya AppData, na ni rahisi zaidi kuzihamisha kwa kuingia kwenye akaunti ya kivinjari chako. Na ikiwa unatumia OneDrive, faili lenye alama ya wingu halipo kwenye diski yako, lipo mtandaoni, kwa hiyo lipakue kwanza ndipo ulihamishe. Kaa na akaunti zote mbili kwa mwezi mmoja hivi, mpaka uwe na hakika kwamba hakuna ulichokiacha nyuma.

SWALI: Kompyuta yangu ya Windows 10 inaganda kila nikiingia. Rafiki ameniambia nihamie Windows 11 na tatizo litaisha. Ni kweli?
Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

JIBU: Dada, si kweli, ingawa rafiki yako ana hoja nyingine iliyo sahihi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuhama ni jambo la busara kwa sababu za usalama. Lakini kuhamia juu ya mashine inayoganda ni kuhamisha mafaili, programu, na mara nyingi draiva zilezile zenye kasoro kwenye nyumba mpya. Usakinishaji wenyewe huandika gigabaiti nyingi kwenye diski, na diski dhaifu huweza kukuangusha katikati.

Isitoshe, si kila mashine inakubalika. Windows 11 hudai angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kipengele cha usalama cha TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Ile GB 4 ni kiwango cha kuiwezesha kuwaka, si cha kufanyia kazi za chuo. Kwa matumizi ya kawaida ningeomba uwe na GB 8. Zipo njia za kulazimisha isakinishwe kwenye mashine isiyokidhi, na mafundi wengi wanazijua, lakini kwa mtu anayeandika tasnifu sizipendekezi. Fuata hatua nilizompa Mwalimu wa Tanga, hamisha kazi zako, tibu kinachogandisha, kisha uhame.

SWALI: Ndugu, nilijaribu kuingia Safe Mode kwenye laptopu ya Windows 11 iliyokuwa ikiganda. Badala yake imeniletea skrini ya buluu inayodai namba 48 za BitLocker. Sijawahi kuweka kitu hicho. Nifanyeje?
Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Kaka, hukukiweka wewe. Laptopu nyingi za sasa huisimba diski nzima zenyewe kwa BitLocker, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo, mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa mashine, na hazikumbushi tena. Ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyohiyo. Chukua simu, fungua anwani aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa baruapepe iliyotumika kuiandaa laptopu, na utaona ufunguo wenye tarakimu 48. Kama funguo ziko nyingi, linganisha herufi za Key ID zilizo kwenye skrini ya buluu na zile zilizo katika orodha.

Ikiwa laptopu ni ya mtumba na iliandaliwa na mwingine, rudi kwa aliyekuuzia. Ikiwa ni ya ofisi, muulize anayesimamia kompyuta za ofisi. Pasipo ufunguo huo mafaili hayasomeki, hata diski ikitolewa na kuwekwa kwenye mashine nyingine, hata kwa Linux, na asikudanganye mtu kwamba ana programu ya kuupita. Usikubali pia ifutwe kwa haraka, kwa maana ufunguo ukipatikana kesho, mafaili yatafunguka kesho.

Kwa wasomaji ambao kompyuta zao bado zinafunguka, hata kama ni kwa dakika chache kabla ya kuganda: fungueni cmd kwa kuchagua Run as administrator, andikeni manage-bde -protectors -get C: na mstari wa tarakimu 48 ukitokea chini ya Numerical Password, uandikeni kwenye karatasi kwa mkono. Karatasi hiyo isikae ndani ya mfuko wa laptopu hiyohiyo.